Mwimo wa Mlango wa Jikoni

"Ulitaka nyumba irudi kama enzi za Malkia Victoria, mama. Haya, njoo ujionee mwenyewe," fundi alisema, akijipangusa mikono kwa aproni.

Enid aliufuata mlango wa jikoni, akasimama hapo hapo. Mwimo ulikuwa umekwanguliwa rangi yote, ubao umebaki mtupu, laini kama shavu la mtoto.

Tangu babu wa babu yake aijenge nyumba ile pale Bradford, kila mtoto wa ukoo alisimamishwa hapo siku yake ya kuzaliwa, bila viatu, kitabu kichwani, akachorewa mstari wa penseli. Wapaka rangi wote waliambiwa wauruke mwimo ule. Safari hii Enid alisahau kusema.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa mwanawe, wa mwaka ule ule aliomzika.

Aliweka kiganja usawa wa kifua chake, akapapasa.

"Hapo ndipo paliponitoa jasho," fundi alicheka. "Penseli tupu! Watoto watundu hao. Nikapiga msasa mpaka zikasalimu amri."

"Na vumbi lake," Enid aliuliza, kiganja kikiwa pale pale, "umelimwaga wapi?"