Kilemba cha Kwendea Ofisini

Tangu nesi amchome sindano ya chanjo juu mno, karibu na mfupa, bega la Bi Sikudhani halikunyanyuka tena. Siku ya kwenda kudai fidia, mke wa mwanawe alimvalisha, akamfunga na kilemba kizuri. Ofisini hakwendwi ovyo.

Daktari wa kukagua wadai alimtazama kichwani, akacheka.

“Mama, mwenye bega bovu hawezi kujifunga kilemba namna hiyo.”

“Nimefungwa na mkwe wangu.”

“Wote husema hivyo.”

Bi Sikudhani alikivuta kwa mkono mmoja, mvi zikabaki wazi mbele ya mwanamume asiye wake. Akakitupa mezani.

“Haya, nifunge wewe.”

Foleni yote mlangoni ikachungulia. Daktari alikitazama kilemba, wala mikono yake miwili, mizima, haikunyanyuka.