Bundi wa Bustani

Kwaru, kwaru, nyuma ya jiko, kwenye gunia la unga. Zodwa alisikiliza gizani, akamfunika binti yake vizuri, kisha akainuka kutandaza ile sumu ya panya, ya pinki, aliyouziwa barabarani.

Jumamosi walivuka barabara kwenda bustanini kumwamkia bundi, kama kawaida yao. Walimkuta amekufa chini ya mti wake, kucha zimejikunja kama vidole vya mtoto mchanga aliyelala. Kando yake palikuwa na panya aliyeliwa nusu, mdomo una pinki.

Watu walikuwa wamemzunguka mzee anayetunza bustani.

"Babu, si wewe uliyesema huyu ni ndege wa wachawi?" mwanamke mwenye mbwa alimsuta. "Haya, umemuwahi kabla hajakuroga!"

"Kumsema nilimsema, mwanangu. Lakini makinda yake nimeyalinda kwa mvua na jua. Nimuue kwa mkono huu?"

"Basi nani? Ukoo wa bundi utakuja kulipiza kisasi, tukuone!"

Walicheka. Mzee hakucheka.

Zodwa alilitazama benchi la mbao. Enzi za ubaguzi wa rangi mama yake, yaya wa Wazungu, alikatazwa kulikalia, na mzee huyuhuyu alikuwa akigeuza uso ili yaya apumzishe miguu.

Alifungua mdomo. Akawaza majirani watamwonaje. Akaufunga, akaushika mkono wa binti yake waondoke.

Binti hakusogea.

"Mama ndiye aliyewawekea panya chakula cha pinki."