Mtu wa Dawati la Nyuma

Yule mtu wa dawati la nyuma alisimama tena mwalimu alipoingia.

Katika shule hiyo hakuna anayesimama kumpokea mwalimu. Watoto wanamwita kwa jina kama wanaita paka, wanakaa duara, miguu wameitupa huku na huko, na kengele yenyewe ni muziki. Yeye tu, suti imenyooka, tai imemkaba, husimama wima mpaka mwalimu aweke mkoba chini. Ndipo anakaa, anatoa kalamu, anaandika.

Mwalimu akaugeukia ubao asikutane naye macho. Akaufuta kwa kiganja, kama alivyozoea kwao kwenye chaki. Huku hawaandiki kwa chaki. Wino ukamshika mkono mzima. Watoto wakacheka. Kule nyuma kalamu ikazidi mbio.

Mwalimu mwenyewe si wa jana. Miwani ya kamba shingoni, mvi masikioni, mwili wa kujaza kiti. Ualimu aliutamani tangu usichana, ila alipofanya mazoezi ya kufundisha kwao, mkaguzi aliingia darasani naye akasahau hata jina lake. Akafeli. Akalea wadogo zake mpaka wakaoa na kuolewa, ndipo akarudi chuoni, na chuo kikamleta huku ng'ambo kumalizia mazoezi. Sheria ya chuo ni fupi: ukianguka mara ya pili, hakuna ya tatu.

Jumatatu mkuu wa shule, mama wa haraka anayeongea huku anatembea, alimwambia kwamba mkaguzi angepita juma hilo, siku hasemi. Akaongeza, yuko mbali tayari, kwamba darasani kutakuwa na mtu nyuma, asimjali.

Asimjali! Mwambie basi mtu aliyeingiliwa na siafu ndani ya gauni, asiwajali.

Tangu hapo hakukaa kitako. Jioni, katika chumba alichopanga, alitembea kutoka jikoni hadi dirishani, dirishani hadi jikoni, mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Akavua viatu, akaendelea kutembea. Alipiga pasi blauzi, akaikunja, akaikunjua, akaipiga tena.

Akampigia simu shangazi yake, aliyekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba nyumba yao sasa ina mwalimu. Akamweleza mkaguzi alivyo: kijana tu, ndevu zenyewe bado hazijaamua ziote wapi. Shangazi hakushangaa. Siku hizi, akasema, walioacha kunyonya juzi ndio wanaopima watu leo.

"Usimwogope, mwanangu. Lakini usimzoee. Mkaguzi akikuchekea, anahesabu meno yako."

Jumatano mwalimu alifundisha hesabu za sehemu. Akakata chungwa vipande vinne, akala kimoja mbele ya darasa, akauliza kimebaki nini.

"Hamu," akajibu mmoja wa mbele.

Darasa likaangua kicheko. Yule wa nyuma hakucheka. Alimtazama mwalimu kwanza, na alipoona mwalimu mwenyewe anatabasamu, ndipo akacheka kuliko wote, kisha akainama kuandika. Mwalimu akakusanya maganda ya chungwa. Basi ameona, akawaza. Ameona watoto wamenipanda kichwani.

Alhamisi ikawa balaa. Kipindi kilipokwisha kijana alitangulia mbio kumfungulia mlango, akausukuma weee, na mlango ni wa kuvuta. Akarudi, masikio yamemwiva, akaushika mzigo wa madaftari mikononi mwa mwalimu.

"Hapana, baba. Nitabeba mwenyewe."

"Tafadhali, mwalimu. Niachie."

Wakavutana pale mlangoni kwa adabu, kama mtu na mkwewe wanaogombea nani anawe mikono kwanza. Mwalimu alijua mtego ule: akikubali kubebewa, ataandikiwa uvivu. Akayavuta, akashinda. Kijana akabaki na jasho viganjani na uso wa mtu aliyenyimwa. Njia nzima mwalimu alijilaumu. Nimemuudhi. Ningempa hata mawili matatu.

Ijumaa aliamka amechoka kuogopa. Kuna woga ukizidi huwa unajichosha wenyewe, kama mtoto anayelia bila kubembelezwa. Akasukuma madawati ukutani, akawafanya watoto wenyewe kuwa hesabu: nusu huku, robo kule, na wale wagomvi wawili akawafanya sehemu moja ya nane kila mmoja, wakaona bora wapatane wawe robo. Kelele zilipaa mpaka mwalimu wa chumba cha pili akachungulia. Watoto walibishana, wakahesabiana vichwa, wakapata. Kwa mara ya kwanza tangu aje, mwalimu alisahau kabisa kwamba anatazamwa.

Alipokumbuka, kijana alikuwa amesimama. Kalamu imemdondoka, na hata hajaiokota.

Muziki ukalia, watoto wakamwagika nje. Kijana hakutoka. Alifuta uso kwa leso, akafuta tena. Mwalimu akajua kumekucha: ama ni cheti, ama ni ndege ya kurudi kwa shangazi na majirani wote barazani. Akapiga moyo konde, akapita katikati ya chumba kumwendea, amwombe ukweli wote bila nyama ya ulimi.

Hakuwahi kufungua kinywa. Kijana alinyoosha tai, akaficha mikono nyuma.

"Mheshimiwa," alisema. "Kwetu nako mkaguzi hufundisha kwanza, mwanafunzi wa ualimu akakaa nyuma kutazama. Nimekutazama juma zima, na nakiri sifikii hata robo yako. Jumatatu nikisimama mimi hapo mbele, nawe ukakaa hapa, nakusihi, usiniangushe."