Mlinzi wa Lango la Nyuma

Pikapu ilipoanza kupanda njia ya kwake, ikiacha michirizi miwili myeusi kwenye theluji, Orville Haskett alimfungia mbwa jikoni, akaketi akiutazama mlango. Alijua siku hii ingekuja tangu alipovua magwanda ya usajini. Mtu uliyemharibia maisha havuki Dakota nzima katika baridi ya Januari ili kukujulia hali tu.

Lakini Royce Tibbets aliyeingia hakuwa tena yule kijana mwenye mabega ya fahali. Alikuwa amekauka, ngozi imeshika mifupa, pumzi inakwaruza kifuani. Nyuma yake aliingia mwanamke wa makamo aliyejitambulisha kwa jina la Karin Dahl. Kazi yake ya kujitolea, alisema, ilikuwa kuwasaidia askari waliofukuzwa jeshini kwa aibu wasafishiwe majina.

"Kaeni," Haskett alisema. "Kahawa ipo, ingawa ni kama maji ya kunawia. Tangu Bernice afariki, mpishi ni mimi."

"Pole sana, afande," Royce alisema.

Neno hilo lilimchoma Haskett. Baada ya yote, bado anamwita afande.

Karin alieleza kilichowaleta. Mapafu ya Royce yalikuwa yakimwisha. Hospitali ya askari wa zamani haikumpokea, kwa kuwa aliachishwa jeshi kwa aibu. Lakini bodi ya jeshi ingeweza kuibadili hukumu ile, ikipata shahidi.

"Mimi sikutaka kumsumbua mtu," Royce alisema haraka. "Huyu dada ndiye aliyenitafuta mpaka akanipata. Akanikazania."

"Ni haki yako," Karin alisema. Akaweka kinasa sauti kidogo mezani, kati ya vikombe. "Tunamhitaji mtu mmoja tu aliyekuwepo."

"Wewe sema tu nilikuwa askari mtiifu, afande. Basi. Mambo ya kale yaache yalale."

Haskett alimtazama. Miaka yote hii alikuwa amejiandaa kwa bastola. Kwa upole hakujiandaa.

"Hapana, Royce. Nimelala nayo vya kutosha."

"Afande, tafadhali..."

"Nyamaza, kijana. Hiyo ni amri." Haskett alicheka kidogo. Royce hakucheka.

Akaanza kusimulia. Ilikuwa kambini Ujerumani, msimu wa baridi kama huu. Yeye ndiye aliyekuwa sajini wa zamu, na kule mjini alikuwa na mwanamke. Akatoroka kwa lango la nyuma, lile la upande wa ghala. Mlinzi alikuwa Royce. Alimfungulia, akafunga nyuma yake, hakuuliza swali. Kulipokucha ghala lilikuwa majivu, na ndani yake Koplo Amundsen, aliyekuwa akikagua vifaa kwa sababu vitu vilikuwa vikiibwa humo usiku.

"Mahakamani nikaulizwa nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa kwenye doria, na kwamba nilipofika lango la nyuma sikumkuta mlinzi." Akasogeza kikombe chake kando. "Wakaamua kwamba mhuni yeyote wa mjini aliweza kuingia akachoma, kwa kuwa Royce aliacha zamu. Na wewe, Royce, ulisimama pale hukufungua mdomo. Neno lako moja lingenimaliza. Nilikuwa na mke na watoto, ukanisitiri. Nimeula uungwana wako miaka yote hii kama mtu anayekula cha wizi."

Royce alikuwa ameinamisha kichwa. Vidole vyake vilikishika kikombe, lakini hakunywa. Jikoni mbwa alianza kukwaruza mlango.

"Alipokufungulia utoke, ghala lilikuwa salama?" Karin aliuliza.

"Salama kabisa. Taa ya Amundsen ilikuwa inaonekana dirishani."

"Na uliporudi?"

"Niliuona moto nikiwa barabarani, nikakimbia. Royce alikuwa palepale langoni. Akanifungulia."

"Mzee, tuseme kweli. Huenda aliondoka kidogo, akarudi."

"Aondoke? Funguo alikuwa nazo yeye, na lango nililikuta limefungwa kama nilivyoliacha."

"Kwa hiyo hakuna mtu mwingine aliyepita pale?"

"Apite nani? Hata paka asingepita. Ukuta ule ulikuwa na seng'enge juu, na lango la mbele walikaa askari sita." Haskett aliinua mkono wa kulia, bila kuombwa. "Naapa mbele ya Mungu. Royce Tibbets hakuiacha zamu yake hata dakika moja. Niliyesema uongo ni mimi."

Alijiegemeza kitini. Kifua kilikuwa chepesi kama cha mtoto. Kumbe ilikuwa rahisi hivi! Akanyoosha mkono kuvuka meza, akaugusa ule wa Royce.

"Umesafishika, kijana wangu."

Mkono wa Royce ulikuwa baridi kama chuma kilicholala nje.

"Nilikuomba uyaache yalale, afande," alisema taratibu, bila kuinua macho.

Karin hakukizima kinasa sauti. Alikisukuma tu, kutoka mbele ya Haskett mpaka mbele ya Royce.

"Koplo Amundsen alikutwa nyuma ya mlango uliokomewa kwa nje," alisema. "Alikuwa baba yangu. Sasa mwambie afande wako, Royce. Ni nani aliyelisukuma lile komeo?"