Darubini ya Maurice

Roland alisimama ghafla chini ya msonobari mkubwa, pale pale Maurice alipozoea kusimama, akainua kidole. "Umewasikia?"

Neville alitega sikio. Alisikia tumbo lake likinguruma, basi.

"Nimewasikia," akasema. "Wawili."

Roland alimtazama usoni. "Watatu, bwana."

Watatu! Wivu ulimpanda Neville kama kiungulia.

Waliyekuwa wakimtafuta ni kishungi-dhahabu, kindege mwepesi kuliko ufunguo wa mlango, ambaye kila Oktoba huvuka bahari na kujaa katika miti ile nyuma ya kanisa. Sauti yake ni nyembamba kama uzi. Masikio yakizeeka, hiyo ndiyo hupotea kwanza. Neville alikuwa hajaisikia kwa miaka, na hakumwambia mtu.

Maurice alipokuwa hai haikumsumbua. Maurice alitangulia, akasikia, akaonyesha. Wao wawili wakaitikia kwa nyuma. Walipomzika, Doreen, mjane wake, aliitoa darubini ya marehemu mbele yao.

"Aichukue mwenye masikio," alisema. "Maurice angependa iendelee kufanya kazi."

Roland akanyoosha mkono. Roland, aliyehamia kijijini juzi juzi tu! Neville alikuwa rafiki wa Maurice tangu wakiwa na kaptula za shule. Sasa darubini ile ilining'inia kifuani pa mwingine kama nishani, na kila asubuhi Neville alitembea kando yake.

"Macho mekundu leo, mzee," Roland alisema. "Hukulala?"

"Nimelala. Tazama ndege wako."

"Haya, haya. Sijui nani kakutibua asubuhi yote hii."

Kweli hakulala. Usiku kucha alitafuta neno la kuidai ile darubini, akalikosa. Mwenye masikio ni mwenye masikio.

Walifika kwenye benchi lililochongwa jina la Maurice, wakaketi. Roland akamimina chai, akamsogezea Neville kikombe cha kwanza. Majani ya njano yalidondoka moja moja. Walikunywa, kila mtu na mawazo yake. Neville alikuwa na lake moja: leo nitamwambia ukweli, nibaki nyumbani, aje peke yake na darubini yake.

Akafungua kinywa. Mama mmoja akatokea kwenye njia na mbwa wake. Mbwa alikuwa ameinua kichwa, masikio yamesimama, hataki kuvutwa.

"Mnafaidi nyie wazee!" mama akacheka. "Hivyo vindege vinavyopiga kelele hapo juu yenu! Kuanzia kule getini navisikia. Viko mti gani?"

Neville aligeuka upesi kumtazama Roland, aone kidole kitaelekea wapi.

Roland alikuwa keshamgeukia yeye, darubini mkononi, akisubiri.