Afande Asiyeogopa Bomu

Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, nikutegee: shujaa analala fofofo chini ya moto, lakini kwao alikozaliwa hathubutu kukanyaga. Ni nani? Usijibu mbio. Twende kwanza Jinja.

Janepher alikuwa juu ya kiti, anabandika magazeti madirishani kwa uji wa muhogo, ili moshi wa sumu usiingie. Mtoto wake Phiona kambeba mgongoni. Ilikuwa Desemba ya mwaka tisini, na redio haikuwa na habari nyingine. Mkubwa mmoja huko Ghuba alivamia nchi ndogo ya jirani akadhani ataimeza mara moja. Sasa imemkwama kooni, dunia nzima imemzunguka, naye anaapa kuchoma kila kitu.

Sokoni wakatia chumvi. Ana bomu la atomiki, wakasema, na atalitupa kwenye bwawa la Jinja ili nchi zote za huku zikae gizani. Ukicheka unaambiwa, "Cheka tu. Hata wa kwetu tulimcheka." Maana Jinja walishapata mkubwa wao aliyevamia jirani akashindwa, na askari wake waliporudi mbio walipora hata sufuria zenye posho, ugali wenyewe, jikoni.

Na nyumba ya Janepher, jamani, ukikaa barazani unasikia maji ya bwawa yakinguruma.

Mtu mmoja tu hakuogopa: baba yake, Afande Gidudu, askari wa magereza aliyestaafu. Alikaa barazani akimenya karanga.

"Likianguka, litanikuta nimeshiba," alisema.

Majirani walimpenda kwa hilo. Wakati ule wa askari kukimbia, wanaume wote wa mtaa walijificha shambani, yeye akabaki mlangoni na rungu lake. "Afande hana ini la hofu," walisema.

Lakini Janepher alikuwa na mtoto.

"Baba, twende kwenu. Mlimani kuna mapango, bomu halifiki."

"Kwetu ni hapa."

"Kwenu ni Mbale! Mama amekufa hajapaona. Mimi hata lugha yenu hukunifundisha, nimekulia Kiswahili cha kambi ya magereza kama mtoto wa bendera asiye na kabila. Kuna nini huko?"

Afande akamenya karanga nyingine.

Wiki ile redio ikasema mkubwa amekataa kurudi nyuma. Janepher akafunga mzigo. "Nakwenda Mbale kwa shangazi Margret. Ukitaka kufa, kufa na karanga zako."

Mzee akamtazama Phiona akicheka na fito za mlango. Akanyanyuka, akavaa koti zito na kofia, katika jua lile.

"Nitawafikisha. Nikishawakabidhi kwa dada yangu, narudi na basi hilohilo."

"Urudi kwenye bomu?"

"Narudi kwangu."

Basi lilijaa mpaka mlangoni. Wengine walikimbia bomu, wengine walikwenda kula karamu za jando la wapwa wao, maana kwa watu wa Mbale ulikuwa mwaka wa kutahiri. Mama mmoja wa makamo, Hasifa, mwuza vitenge, aliketi mbele yao na maneno hayamwishi. "Mzee, unatoka jasho kama mwizi! Vua koti."

"Nina homa."

Kadiri mlima ulivyokaribia ndivyo alivyozidi kuzama kitini. Walipopita Busiu akaishusha kofia mpaka kwenye nyusi. Janepher akaona. Akainama sikioni kwake.

"Una mke huku, Baba? Niambie tu. Nina ndugu?"

"Mama yako alikuwa mmoja tu."

"Uliua mtu?"

"Sijawahi."

"Basi unaogopa nini?"

Mzee akainua kola ya koti hadi masikioni.

Walipoingia Mbale barabara ilifungwa na watu. Ngoma zilidunda hadi vioo vikatetemeka, vijana waliopakwa unga mwili mzima wakirukaruka, njuga zikilia mapajani. Katikati yao mzee mwenye mvi alikuwa amebebwa juujuu, naye mweupe kwa unga, macho yamemtoka.

"Huyo ni chifu wao?" Janepher aliuliza.

Hasifa alicheka mpaka akashika kiti. "Leo ndiye chifu, mwanangu! Leo ndiye chifu!"

Basi likasimama. Dirishani Janepher alimwona shangazi Margret akipunga mkono. Akageuka kumwambia baba yake washuke, akakuta kiti kitupu.

Afande Gidudu alikuwa uvunguni mwa kiti, amejikunja kati ya kuku na magunia, kofia ameikumbatia. Yule yule aliyewakabili askari wenye bunduki kwa rungu moja. Ngoma zikagusa ubavu wa basi, naye akafumba macho.

Janepher akapiga magoti, mtoto mgongoni. Hasira zilimwisha. Kesho baba huyu angekuwa peke yake barazani, na mkubwa wa Ghuba bado ana kidole juu ya bomu.

"Shuka ukae nasi," akanong'ona. "Utakufa kule. Baba, tafadhali, huku unaogopa nini?"

Mzee akaangalia miguu ya wachezaji mlangoni, kisha akamvuta binti yake karibu kabisa.

"Zamu yangu ilipofika, wenzangu walisimama uani wakakatwa bila kupepesa jicho," akasema. "Mimi nilipanda treni ya Jinja. Na hawa, mwanangu, hawajali mtu ana mvi ngapi."