Nusu Mstari

Tangu jana alasiri mkono wa kulia wa Abdulshakur ulikuwa na ganzi. Alishika sululu akaona kama mkono wenyewe ameuazima kwa mtu. Udongo wa makaburini Rwamgasa ni laini, si kama kule duarani wanakofuata mwamba wa dhahabu, lakini alichimba polepole, kama asiyetaka kufika.

"Leo umekuwa bibi harusi," alisema Benjamini, mwenzake wa duara moja, aliyekuwa akipokezana naye. "Chimba, nkoi, rafiki yangu. Hili jepesi. Kaburi letu sisi Wakristo linashuka moja kwa moja, basi. Halina kile kichumba chenu cha ubavuni. Mnakiitaje?"

"Mwanandani."

"Haya. Hapa hakuna mwanandani."

Kando ya shimo ulilala msalaba ambao Benjamini aliupigilia asubuhi kwa vipande vya matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za duara zisiporomoke. Haukuandikwa jina. Marehemu hakukutwa na kitambulisho, simu yake ilipotelea kwenye vurugu, na polisi walipouliza, ikaonekana jana Rwamgasa nzima ilikuwa inatazama pembeni. Alikutwa na Biblia tu. Kanisa likasema huyu wetu, tutamzika, na mwenyekiti wa kitongoji akaomba wachimbaji wawili. Abdulshakur alijitolea kabla hajatajwa. Aliogopa kwamba atakayekataa ndiye atakayetazamwa.

Maneno yalianza wiki iliyopita. Mwinjilisti Valerian alifunga spika zake uwanja wa mnada, akashika msahafu wa Waislamu, akasoma "waueni popote muwakutapo", akaufunga papo hapo. "Mmesikia wenyewe," alisema, na watu wakapiga makofi. Vijana wa msikitini walirudi makwao wamevimba. Imamu Salehe akawapoza kwa ahadi: angemwita mhadhiri kutoka Chato, mtu anayevijua vitabu vyote viwili, aje kumjibu Valerian kwa hoja.

Jana, mhadhiri akiwa bado anasubiriwa, mtu mmoja mgeni alipanda juu ya meza ileile ya Valerian. Alivaa shati na suruali iliyojaa vumbi la safari, na mkononi alikuwa na Biblia. Akaifungua, akasoma kwa sauti kwamba maadui zangu waleteni hapa, wachinjwe mbele ya macho yangu.

Hakuna aliyengoja zaidi. Mtu wa Valerian huyo, walisema vijana, sasa wametangaza kuchinja. Yule mgeni alinyoosha kidole kimoja juu, kama mtu anayeomba asikatishwe. Mawe yakamkatisha.

Mawe yalikuwa mengi, lakini Abdulshakur aliliona la kwake likienda, na aliona lilipotua. Hata akiwa chini, midomo ikimchezacheza, yule mtu alikuwa bado amenyoosha kidole.

"Benja," alisema sasa, bila kuinua kichwa. "Yale maneno aliyoyasoma, kweli yamo kitabuni kwenu?"

"Yamo."

Abdulshakur alishusha pumzi. Hilo ndilo alilotaka kulisikia.

"Ila si amri," Benjamini aliendelea, akikung'uta udongo kwenye koleo. "Yesu pale anatoa mfano. Anayesema ni mfalme wa kwenye mfano. Ukianzia juu unaliona wazi, lakini siku hizi nani anaanzia juu? Na ile ya kwenu aliyoisoma Valerian, juu yake kuna nini?"

Abdulshakur aliijua. Aliikariri madrasa akiwa bado hajaota jino la ukubwa. "Inasema piganeni na wanaowapiga. Wala msianze nyinyi."

"Umeona."

Aliona. Alingoja moyo umuume, haukuuma. Palikuwa na ubaridi tu, ulioanzia vidoleni na kupanda hadi begani. Akajiambia lile alilokuwa akijiambia usiku kucha: yule alikuja kuwachokoza, alikuwa adui, aliyataka mwenyewe. Bila neno hilo asingeweza kushika hata hiyo sululu.

Asubuhi Imamu Salehe alikuwa amempigia simu. Mgeni wa Chato haonekani, alisema, na simu yake haipatikani tangu jana mchana. Abdulshakur alimjibu kwamba labda amesikia habari za vurugu, akageukia njiani. Imamu akasema huenda, ingawa yule si mtu wa kugeukia njiani.

Kaburi lilipofika kifuani, walimwona Imamu mwenyewe akija kwa miguu kutoka upande wa kituo cha afya, ulikolazwa mwili. Nyuma yake alikuwepo mwanamke mwenye ushungi mweusi, mgeni machoni pao. Mwanamke hakusogea makaburini. Alisimama kule njiani, amekumbatia Biblia yenye madoa.

"Shikamoo, sheikh," alisema Benjamini. "Umekuja kutuzikia?"

"Marahaba."

Imamu alisogea kando ya shimo. Aliinama akauokota ule msalaba, akaufuta vumbi kwa kiganja, akampa Benjamini kwa mikono miwili. Kisha akachungulia kaburini, akanyoosha kidole kuelekea ukuta wa kibla.

"Abdulshakur, mwanangu," alisema, "chonga mwanandani. Mgeni wetu tumempata."